Trekta Likilala, Tangi Lisilale Tupu

BIBI SHAMBA: Assalamu aleikum wasikilizaji. Bonde la mpunga la Cheju, hapa Unguja, limeshaburugwa, matrekta yanawekwa mpaka msimu ujao. Fundi, nimefungua kitabu cha trekta, nimekuta sura nzima ya kuliweka wakati wa baridi kali. Sisi baridi hiyo tunaitoa wapi?

FUNDI: Waaleikum salaam. Hiyo wameandikiwa watu wa theluji. Dizeli ina nta ndani yake. Joto likishuka kwenye nyuzi sifuri na chini yake, nta inaanza kuganda, filta inaziba, injini haiwaki. Wenzetu huko wanauziwa dizeli maalumu ya majira hayo. Lakini sura usiichane, Bibi Shamba. Inazungumzia na maji, na maji sisi tunayo.

BIBI SHAMBA: Ya mvua?

FUNDI: Ya mvua yanaingia kwenye tangi la dizeli mpira wa mfuniko ukifa. Kuna na ya hewa. Tangi likiwa nusu, nusu ya pili ni hewa, na hewa ya masika unaijua. Mchana bati linapata moto, usiku linapoa, unyevu unatona kwenye kuta. Dizeli nyepesi, inaelea. Maji yanakaa chini. Pale yanapokutana ndipo vijidudu vinapozaliana. Ukifungua filta unakuta uchafu mweusi unavutika kama mlenda.

BIBI SHAMBA: Na wako wanaonyonya dizeli yote msimu ukisha, wanachelea wezi.

FUNDI: Siwalaumu, dizeli ni pesa. Lakini tangi tupu linaota kutu, na kutu ikifika kwenye pampu utalipa zaidi ya hiyo dizeli. Tia kufuli kwenye mfuniko, jaza, bakisha nafasi ndogo ya kutanuka. Na ya akiba usiiweke kwenye debe la zinki, hawapatani hao.

BIBI SHAMBA: Haya, kabla ya kulifunga?

FUNDI: Chini ya filta kuna kikombe, kwenye matrekta mengine ni cha kioo. Legeza skrubu yake, kinga chupa iliyokatwa. Maji yatatangulia, utayaona yamejitenga. Ngoja mpaka ije dizeli tupu. Tia filta mpya.

BIBI SHAMBA: Mpya? Watu wanaosha kwa petroli.

FUNDI: Ile karatasi, yakhe! Ukiiosha inalegea, inapitisha taka mpaka kwenye nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Kisha toa upepo kwenye njia ya dizeli: legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe, kaza. Washa dakika 10 hadi 15, dizeli safi ifike kwenye pampu na nozeli. Zima, funga koki ya dizeli.

BIBI SHAMBA: Wengine wanaliwasha kila Ijumaa, dakika mbili, eti lisisahau.

FUNDI: Dakika mbili halijapata moto, unazidisha unyevu kwenye oili. Liwashe lipate moto sawasawa, ama liache.

BIBI SHAMBA: Kuna dereva kule Bumbwisudi ataninunia leo.