Sinema Isiyo na Matanga: Mvuto na Ukomo wa Filamu za Muuaji Mwenye Kisu

Mhadhara kwa wanafunzi wa filamu, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi vijana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, hasa ukizingatia kwamba mada yenyewe ni ya kuchinjana na wengine mmetoka kazini hamjala.

Kama ulikulia nyumba ya Kiislamu, iwe Unguja, Tanga, Mombasa au hapa hapa Kariakoo, huenda umeiona The Message, sinema ya mwaka 1976 inayosimulia mwanzo wa Uislamu bila Mtume kuonekana wala sauti yake kusikika. Aliyeiongoza ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria. Miaka miwili baadaye Akkad huyo huyo alitoa fedha za kutengenezea Halloween, sinema ya mtu aliyevaa kinyago anayewaua wasichana kwa kisu cha jikoni. Alisema baadaye kwamba alishawishika kwa jinsi mwongozaji, kijana John Carpenter, alivyomsimulia hadithi kwa mdomo, picha baada ya picha. Wanafunzi, hilo mliandike. Kabla ya kamera kulikuwa na mtu anayejua kusimulia.

Fedha zenyewe zilikuwa takriban dola 300,000. Kwa Hollywood ya mwaka 1978 hiyo ni hela ya chai. Sinema ikaingiza zaidi ya dola milioni 40 Marekani peke yake.

Nataka tukae kidogo kwenye huo umaskini, maana ndiko yaliko mambo. Hadithi inatokea tarehe 31 Oktoba, katika mji wa kubuni wa jimbo la Illinois, wakati miti ya huko inapukutisha majani. Wao walikuwa California, majira ya kuchipua, miti yote kijani kibichi. Ikabidi watafute majani, wayapake rangi, wayamwage barabarani, wapige picha, kisha wayazoe tena kwenye mifuko ili wayamwage mtaa wa pili. Ukikodoa macho utaona miti ya jamii ya mitende nyuma ya nyumba za "Illinois". Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa dola zisizofika mbili: kilikuwa sura ya mpira ya Kapteni Kirk wa Star Trek, yaani ya mwigizaji William Shatner. Wakakipanua matundu ya macho, wakakitoa nyusi, wakakipulizia rangi nyeupe. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, juu ya mdundo wa mapigo matano ambao baba yake alimfundisha utotoni kwenye ngoma za bongo. (Kicheko.) Ndiyo, bongo. Hata hapo tumo.

Sasa tazameni ukata huo ulivyozaa mtindo. Sura ile nyeupe haina hasira, haina furaha, haina chochote, na kwa kuwa haina chochote unaijaza wewe mtazamaji. Hakukuwa na fedha za makundi ya watu barabarani, kwa hiyo mitaa ni mitupu, na mtaa mtupu mchana kweupe, mtu mmoja amesimama kando ya ua wa michongoma halafu hayupo, unatisha kuliko makaburi usiku. Damu karibu haimo. Wanaokufa katika Halloween ni watu watano, na mmoja tunaona maiti yake tu vichakani. Ni hivyo hivyo kwa The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, iliyopigwa Texas kwenye joto la kiangazi kwa takriban dola 140,000. Watu huapa kwamba waliona damu zikitapakaa. Rudieni kuiangalia. Mlichokiona ni mifupa, jasho, mlio wa msumeno na macho ya msichana anayepiga kelele; nyama mmeikatakata wenyewe vichwani mwenu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, na sisi tuliokulia vibanda umiza tunaweza kulisema vizuri kuliko wengine. Pale kibandani kulikuwa na sheria: steringi hafi. Unalipa kiingilio chako, unabanana kwenye benchi, steringi anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni, na wewe umetulia kwa sababu unajua sheria. Adui ndiye wa kufa. Sinema ya bei rahisi haina uwezo wa kumlipa steringi. Donald Pleasence ndiye aliyekuwa jina kubwa katika Halloween, na walimudu kumlipa siku tano tu. Waliobaki wengi wao hawakuwa na majina makubwa, hata Jamie Lee Curtis: ilikuwa sinema yake ya kwanza. Kwa mtazamaji wa siku ile hakuna sura hata moja kati ya wale wasichana iliyomhakikishia kwamba huyu atafika mwisho. Alfred Hitchcock alipotaka kuleta mshituko huo katika Psycho, mwaka 1960, ilimbidi amwajiri Janet Leigh, nyota kamili, kisha amuue kabla sinema haijafika katikati. Hawa wa bajeti ndogo waliupata mshituko huo bure.

Ndiyo maana ukiangalia sinema hizi na watu wengi, watu hupiga kelele. "Wewe mjinga, usiingie humo!" Mtazamaji anashiriki, anatukana, anacheka baada ya kuruka kwenye kiti. Mimi nazipenda kwa hilo, na sioni haya. Wanaosema ni upuuzi mtupu wana lao. Mchambuzi Roger Ebert, ambaye baadaye aliongoza vita dhidi ya sinema za namna hii kwenye televisheni akiwa na mwenzake Gene Siskel, aliisifu Halloween bila kusita. Alijua kutofautisha.

Basi tatizo liko wapi?

Watu wengi hujibu: damu. Kisha jibu la pili: wasichana kuvuliwa nguo halafu kuchomwa visu. La pili lina uzito, na Carol Clover, profesa wa California, aliligeuza mwaka 1987 kwa kuuliza kwa nini basi anayebaki hai mwishoni ni msichana, na kwa nini vijana wa kiume ukumbini wanamshangilia yeye. Mjadala huo umeandikwa sana, na siwezi kuumaliza leo. Mimi nina dai jingine. Sinema hizi hazina matanga.

Jiulizeni swali ambalo bibi yeyote wa Kiswahili angeuliza akiziangalia: wazazi wa hawa watoto wako wapi? Wamesafiri. Wako kwenye sherehe. Kambi iko msituni, simu imekatwa waya. Mtoto wa watu anauawa saa tatu usiku, na saa tatu na nusu wenzake bado wanacheza karata kwa sababu hawajui. Wakijua, wanakimbia, wakikimbia, wanakufa. Hakuna anayepewa dakika ya kulia. Hakuna anayepigiwa simu alfajiri. Hakuna anayeulizwa jina la baba ili kaburi lichimbwe. Sinema inakwisha polisi wanapofika, yaani pale pale ambapo kwetu msiba ndiyo kwanza unaanza.

Halloween inanusurika kidogo kwa sababu ya Debra Hill, mtayarishaji na mwandishi mwenza, aliyewaandikia wale wasichana watatu mazungumzo ya kweli ya njiani kutoka shule, ya umbea na vitabu na wavulana. Wakifa, unapungukiwa na kitu. Waliofuata waliiga kisu wakayaacha mazungumzo.

Chukueni Friday the 13th ya mwaka 1980. Mwongozaji wake, Sean Cunningham, alitangaza jina la sinema kwenye gazeti la biashara ya filamu kabla hata hadithi haijaandikwa. Ilitengenezwa kwa takriban dola 550,000, studio ya Paramount wakainunua, ikaingiza karibu dola milioni 40 Marekani. Vijana wanaoua muda kambini wanachinjwa mmoja mmoja, na maiti alizitengeneza Tom Savini, fundi hodari aliyekuwa mpiga picha wa jeshi Vietnam na aliyewahi kuona maiti halisi kupitia lenzi yake. Samahanini kwa ambao hamjaiona, lakini miaka zaidi ya 40 inatosha: muuaji ni mama. Mwanawe, Jason, alizama ziwani mwaka 1957, wasimamizi wakiwa hawaangalii. Angalieni basi jambo la ajabu. Katika sinema nzima mtu pekee anayelia mfu wake, anayelitaja jina lake, anayekumbuka tarehe, ni muuaji. Huzuni yote wamepewa upande wa kisu. Sidhani kama walikusudia, lakini ndicho kitu pekee kinachoipa ile sinema moyo.

Mwaka 1981 ikaja ya pili. Alice, msichana aliyebaki hai baada ya yote yale, anauawa kwenye dakika za mwanzo, kabla majina ya waigizaji hayajapita. Mtazamaji aliyemlilia mwaka jana anaambiwa hakuna haja. Ya mwaka 1984 waliiita sura ya mwisho. Mwaka 1985 wakaja na mwanzo mpya. Kufikia 1989 zilikuwa nane. Kinyago hakizeeki na hakidai nyongeza ya mshahara, unaweza kumvisha mtu yeyote, kwa hiyo biashara haikuwa na sababu ya kusimama. Kadiri fedha za damu bandia zilivyoongezeka, ndivyo watu ukumbini walivyoanza kumshangilia Jason, yule mtoto wa ziwani ambaye sasa ndiye muuaji. Anayeuawa bila kuwa na ndugu hata mmoja kwenye hadithi, nani atamwonea uchungu?

Msidhani nasema haiwezekani. Iliwezekana mapema kabisa. Bob Clark alipiga Black Christmas kule Toronto, ikatoka mwaka 1974, miaka minne kabla ya Halloween. Mpiga picha Bert Dunk alijifunga kamera mabegani akapanda ukuta wa nyumba, ndiyo yale macho ya muuaji mnayoyaona. Msichana anayeitwa Clare anauawa mwanzoni, na maiti yake inawekwa darini. Kesho yake baba yake anafika kumchukua waende nyumbani kwa Krismasi. Mzee wa watu amevaa koti, anangoja barabarani, anaangalia saa. Kuanzia hapo hadi karibu na mwisho baba huyu yumo ndani ya sinema, anauliza, anakwenda polisi, anatembea na watu wanaotafuta bustanini kwenye baridi. Sisi tunajua mwanawe alipo. Hakuna kisu katika sehemu hizo, na ndizo zinazonikosesha raha hadi leo. Huyo mzee hakugharimu kitu, ni mwigizaji mmoja na koti lake. Bob Clark huyo huyo, kwa taarifa yenu, baadaye alitengeneza sinema ya Krismasi ya kifamilia inayopendwa mno Marekani. Binadamu ni wengi ndani ya mmoja.

Mwenzetu pale nyuma ameuliza: je, sisi tuige? Sinema zetu za kutisha za miaka ya 2000, zile za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta, zilijengwa juu ya mizimu, majini na uchawi. Ufundi wake mnaucheka, nami nacheka nanyi, sauti ile mbovu, mwanga ule. Lakini kwenye hadithi za mizimu mfu ana ndugu na ana madai, na mtu lazima akae naye wamalizane. Hilo Friday the 13th hawakuwa nalo ila kwa yule mama. Kwa hiyo jibu langu, dada, ni kwamba kinyago muige, mitaa mitupu muige, na kutokuwa na steringi muige kabisa, maana fedha hamna. Ila mkishamuua mtu kwenye ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na moja mpelekeeni habari mama yake, muone hadithi itakwenda wapi. Inaweza kuwaharibia mwendo. Slasha, yaani sinema hizi za muuaji mwenye kisu, hukimbia, na kilio huisimamisha. Sijui kama chombo hiki kinabeba mzigo huo dakika tisini. Bob Clark aliubeba kwa mzee mmoja tu.

Sasa tunaiangalia Black Christmas yenyewe, dakika 98. Wenye kuwahi daladala za Mbagala kaeni karibu na mlango, mkitoka msigonge viti, na tafadhali simu zizimwe. Mtajua kwa nini.