Grenda ikirusha cheche usikimbilie kusuka: mhadhara kwa mafundi vijana, Mtwara

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, hilo feni linakula sauti. Leo amecha tu (ile sehemu ya mota inayozunguka), fildi (koili za pembeni zisizozunguka) siku nyingine.

Mteja analeta grenda inarusha cheche, fundi hata hajaifungua kashasema hii ya kusuka, yaani kufunga waya upya. Subiri kwanza. Toa kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye amecha, uziangalie, zimeisha? Springi imelegea? Kaboni isipokaa vizuri cheche zitaruka tu hata amecha iwe mpya. Zikiwa poa ndo uzungushe komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni zinasugua, taratibu kwenye mwanga. Ukiona vipande viwili jirani vimeungua kingo na vingine visafi, kuna waya umekatika, na mara nyingi umekatikia palepale kwenye ndoano ya komyuteta kwahiyo unaweza ukapona na solda.

Shoti sasa ndo kichomi. Mnagusa multimita kipande kwa kipande, inalia piii, mnasema nzima. Koili yenyewe oma zake kiduchu, mizunguko miwili mitatu ikishikana hiyo multimita ya kawaida itaonea wapi? Hapo ni graula, kifaa cha sumaku ya umeme cha kupimia amecha. Weka amecha, washa, laza bleti la msumeno wa chuma juu ya mfereji unaolaza waya wa amecha, zungusha amecha pole pole, penye shoti bleti litatetemeka drrrr. Na graula usiiwashe tupu, itavuta umeme mwingi iungue yenyewe. Huna graula? Pitisha betri kupitia balbu ya gari kwenye vipande viwili vinavyotazamana, halafu pima milivolti kati ya kila vipande jirani. Panaposoma chini kuliko wenzake pana shoti, panaporuka juu na wenzake wa upande ule wakasoma sifuri pamekatika.

Ila kabla ya yote kwangua mifereji ya maika, ile kati ya vipande vya komyuteta. Sisi wa pwani, hasa nyie wa Shangani, chumvi na unyevu vinashikana na vumbi la kaboni mpaka komyuteta inasoma shoti kumbe uchafu, na mteja kashalipishwa amecha nzima (inauma hiyo).

Bodi, yaani umeme kuvujia kwenye chuma cha amecha: chukua mega (kipimo cha oma kubwa) ya volti 500, mguu mmoja komyuteta, mwingine shafti. Ikisoma chini ya megaoma 1 usiwashe, ila usitupe pia. Anika juani, pima tena. Ikipanda ilikuwa unyevu, ikigoma hapohapo sifuri angalia waya unapotokea mferejini, karatasi ya kuzuia umeme imechanika, hiyo ndo ya kusuka.

Haya, mwenye amecha ya drili aanze, lete mezani.