Q Imekalia Kiti cha A: Kufufua Kibodi ya Zinki Lubumbashi

Mhadhara uliotolewa mbele ya mafundi wa elektroniki na wanafunzi

Wandugu, jambo yenu. Naanza na sumaku, kwa sababu hata wanunuzi wa chuma chakavu hapa mjini huanza nayo. Kibodi hii ilikuwa imetupwa kwenye fungu la alimini, maana sumaku haikuishika, na bei yake ilipigwa kwa kilo. Tazameni: naweka sumaku juu ya ganda, inateleza. Sasa natoa skrubu, naiweka sumaku kwenye bamba la ndani, inanasa. Ganda ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Bamba ni chuma cha kawaida. Shikeni tofauti hiyo, tutaihitaji. Na sisi tulio jirani wa Kipushi, ambako zinki ilichimbwa tangu enzi za Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji, haifai tuipokee zinki kama mgeni.

Hii ni kibodi ya IBM 4704, iliyotengenezwa miaka ya mwanzo ya 1980 kwa ajili ya terminali za benki, yaani mashine za makarani zilizounganishwa na kompyuta kuu. Yangu ina vitufe 77. Kulikuwa pia na ya 50, ya 62, na kubwa ya 107. Ndani yake mna mtambo uleule wa ukoo wa kibodi za Model F uliokuja na IBM PC mwaka 1981. Aliyeubuni ni mhandisi Richard Harris, na IBM ilipewa hataza yake Marekani mwaka 1978.

Njooni karibu, mwone kitufe kimoja nilichokifungua. Chini ya kifuniko kuna springi ndefu, nyembamba, iliyosimama ndani ya mrija. Ukibonyeza, inajibana taratibu, halafu ghafla inapinda ubavuni. Ta! Sauti ni hiyo. Inapopinda, inakisukuma kipande cha plastiki nyeusi kilicho miguuni pake. Plastiki hiyo ina kaboni, na chini yake bodi ya saketi ina viraka viwili vya shaba vilivyokaa bega kwa bega. Plastiki ikilala juu yake, uwezo wa viraka hivyo kushika chaji hubadilika, na kontrola, yaani ubongo wa kibodi, inajua kwamba herufi imebonyezwa. Hakuna chuma kinachogusa chuma, kwa hiyo hakuna mguso wa kuota kutu. Ndiyo maana kitu hiki kinaweza kulala ghalani miaka mingi kikaamka.

Kinachokufa ni sponji. Kati ya mabamba mawili ya chuma IBM waliweka shiti ya sponji ya kukaza kila kitu mahali pake, na kwa umri wake sasa imekuwa unga mweusi unaonata. Sponji ikifa, mirija inalegea, na vitufe vingine vinanyamaza. Msikimbilie kulaumu elektroniki. Dawa yake iko kwa fundi viatu: sponji ngumu ya kuwekea soli, na kile chombo chake cha kutobolea ngozi. Toboeni tundu moja moja mkifuata bamba lenyewe kama kielelezo. Kazi inachosha, lakini msiifanye kwa mkasi. Tundu likienda upande, mrija nao unakwenda upande, na springi haitapinda sawasawa.

Sasa kutu. Mabamba ya chuma yakiwa na kutu, yalowekwe kwenye siki nyeupe, yasuguliwe, yasuuzwe kwa maji yenye bikaboneti, yakaushwe mara moja na kupigwa rangi. Lakini ganda la zinki lisiguse siki hata tone! Wala ndimu, wala soda kali ya kufulia mafuta. Asidi inakula zinki, na soda kali inaikula vilevile. Nimeona ganda lililolowekwa usiku kucha: asubuhi lina vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Ganda linataka maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, basi. Rangi yake ya asili, hata ikiwa na mikwaruzo, mimi siigusi. Kuna wanaolikwangua mpaka ling'ae kama sufuria mpya. Hilo ni shauri lao.

Ubongo wa zamani ulizungumza na terminali ya benki, na kompyuta ya leo haielewi lugha hiyo. Mimi nimetoa kontrola ile nikaweka ya USB, aina inayoitwa xwhatsit, ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Ile ya zamani nimeifunga kwenye mfuko na kuandika juu yake. Sikukata waya, sikutoboa ganda. Mtu akitaka kuirudisha kesho, ataweza.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni ardhi ya umeme. Kontrola hii inapima chaji ndogo mno, na ganda la zinki lisilounganishwa na ardhi ya saketi ni antena tu. Hapa kwetu, ambako kompyuta inakula umeme wa jenereta leo na wa betri kesho, mtaona herufi zinajiandika zenyewe. Unganisheni waya wa ardhi kwenye skrubu ya ganda, na chini ya skrubu hiyo kwangueni rangi kidogo, kwa sababu rangi haipitishi umeme. Halafu pimeni kwa multimita kutoka ganda hadi chuma cha plagi ya USB. Isipolia, rudieni.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Sisi Wakongo tumerithi AZERTY ya Wabelgiji, mpangilio wa herufi unaoanza na A, Z, E, R, T, Y. Wekeni vidole vyenu mezani kama mnaandika. Kidole kidogo cha kushoto, kikiwa kimetulia, kimekaa juu ya herufi gani? Q! Herufi ambayo Kiswahili hakina kabisa. Na A, ambayo hatuwezi kuandika sentensi bila kuimwaga kama chumvi, iko ghorofani, kwenye safu ya juu yake. Kwa upande wa kulia tumebahatika: M iko kwenye safu ya katikati, tayari kwa mtu, mtoto, mama na mambo yote.

Kwa hiyo nimeshusha A, nimepandisha Q, M nimeiacha. Kontrola mpya inakubali hayo kwa programu, bila kugusa Windows wala Linux. Na hapa ndipo IBM wanatusaidia bila kujua: bamba la ndani limepinda kama bakuli, hivyo vifuniko vya safu zote vina umbo moja. Ng'oa A, ng'oa Q, badilishana, vinakaa kama vilizaliwa pale. Kwenye kibodi nyingi za leo, kila safu ina mwinamo wake na ungekuta kifuniko kimeinua kichwa.

Kijana wa pale nyuma anauliza: asiye na 4704 afanye nini? Tafuta kibodi ya IBM PC ya kwanza, yenye vitufe 83. Ganda lake la juu ni plastiki, lakini mtambo ni huuhuu, na sponji imeoza vilevile. Ukipata Model M, kibodi ya IBM ya kuanzia 1985, springi zipo, ila chini yake kuna karatasi za plastiki zenye nyaya, na bamba limeshikwa kwa vichwa vya plastiki vinavyokatika. Hiyo inataka drili na skrubu ndogo, na hapo huwezi kurudi nyuma. Mimi ningeanza na ile ya 83.