Kinyumba cha udongo Devon

ZUU: Haya karibuni tena jamani, leo kaka Side kaja na picha za nyumba anayoimezea mate, iko kijijini huko Devon, Uingereza, ya kizamani, imeezekwa nyasi, na dalali kaandika eti "inahitaji kuboreshwa". Kuboreshwa nini hasa?

SIDE: (anacheka) Jiko hamna dada. Kuna sinki na bomba, basi.

ZUU: Sasa benki watakukopesha vipi, si nyumba ikiwa haina jiko wala bafu wanakwambia haikaliki?

SIDE: Ndo maana iko mnadani. Na mnada wa Uingereza usiuchezee, nyundo ikigonga mkataba umeshafunga, unatoa asilimia 10 palepale na iliyobaki kwa kawaida ndani ya siku 28, hamna cha ngoja nikaongee na wife.

ZUU: Mmh. Na kuta je?

SIDE: Hapo ndo pamenimaliza. Udongo! Wanauita kobu, mfinyanzi unachanganywa na majani makavu ya ngano na maji, unakanyagwa weee mpaka ushikane, alafu unapandishwa safu kwa safu, ukuta una unene kama sentimita 60. Ya bibi kijijini ina fito na miti ndani, hii haina, inasimama yenyewe.

ZUU: Yaani umekaa Ulaya miaka yote hiyo ukanunue nyumba ya udongo? Mama anajua?

SIDE: Usimwambie kwanza.

ZUU: Na mvua za huko?

SIDE: Ziko za kobu zina karne na karne, bora tu chini kuwe na msingi wa mawe na juu upenu uwe mpana. Kinachoziua ni simenti. Nimegonga ukuta wa nje ukalia kama debe tupu, kumbe kuna mtu zamani kapiga plasta ya simenti akijua anaifanya ya kisasa, sasa maji yakipenya kwenye nyufa hayana pa kutokea, udongo unalowa ndani kwa ndani na wewe huoni, siku ya siku ukuta unashuka.

ZUU: Si ungetuuliza watu wa pwani, chokaa! Magofu ya Kilwa yale ni matumbawe na chokaa, simenti iko wapi?

SIDE: Fundi naye kasema hivyohivyo, bandua simenti yote rudishia chokaa. Kwa hiyo nusu ya hela ni ya kutoa maboresho ya waliotangulia. Na iko gredi ya II (wanasema "gredi tuu") kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, ukitoa madirisha ya mbao ukaweka plastiki bila kibali cha halmashauri hilo ni kosa la jinai.

ZUU: Choo?

SIDE: Shimo linamwaga kijitoni moja kwa moja, na tangu 2020 sheria haitaki, so mzigo huo anaubeba mnunuzi.

ZUU: Mnada lini?

SIDE: Alhamisi.

ZUU: Kadi ya benki niachie mimi Jumatano.