Kuchangia Utafiti wa Saratani ya Damu: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Hapa Tanga hakuna asiyejua kuchanga. Kadi ya harusi ikiletwa tunatoa, na mgonjwa wa saratani ya damu akipewa rufaa kutoka hospitali yetu ya Bombo kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, nauli hupatikana siku hiyo hiyo. Ugumu huanza tunapoombwa kuchangia utafiti, kwa kuwa utafiti hauna ukoo, na aliyetoa fedha yake hana wa kwenda kumjulia hali.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Kwa ruzuku ndogo ndogo alisambaza vipeperushi vyenye picha katika hospitali za serikali na za misheni, akiuliza ni nani aliyewahi kuona uvimbe wa namna ile. Kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakasafiri maili 10,000 hivi kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa paundi 250, wakipita Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakirudia swali lile lile kila hospitali. Ikabainika kwamba ugonjwa ule, ambao ni saratani ya limfu, yaani ya chembe nyeupe za damu zinazokinga mwili, hufuata joto na mvua, yaani hukaa panapokaa malaria. Mwaka 1964, watafiti Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, wakatangaza kuona virusi ndani ya seli zake. Sisi tunaoumwa na mbu kuanzia Pangani hadi Muheza tuna haki ya kuuita utafiti huo wetu.

Uingereza nako, mfuko mkubwa wa utafiti wa saratani ya damu ulianzishwa mwaka 1960 na wazazi wa Middlesbrough waliofiwa na binti yao wa miaka 6.

Watu hawakatai kutoa. Wanakataa kutoa gizani, na sioni kosa lao. Kwa hiyo fedha ya matibabu na ya utafiti zisichanganywe, na anayechangisha aseme atanunua nini: vioo vya darubini, rangi ya kutia kwenye damu ili seli zionekane, au nauli. Nauli naitaja makusudi. Mtoto akimaliza dawa akarudi kwao Lushoto, asionekane tena kliniki, mtafiti hawezi kujua kama amepona au amefariki, na majibu ya matibabu yake yote yanabaki na pengo. Napendekeza fungu la kwanza la mchango wetu liwe kuwafuatilia watoto hao, na mweka hazina asome daftari lake hadharani kila baada ya miezi mitatu.