Chumba cha Uhalisia Pepe Kinachoenea Kwenye Kona

Mabibi na mabwana, chumba cha CAVE, yaani chumba cha uhalisia pepe ambacho kuta na sakafu yake ni skrini, kilipooneshwa mwaka 1992 na maabara ya Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago, mtazamaji alipata kama mita 3 kila upande. Jumba la kukiweka lilitakiwa liwe kubwa zaidi, kwa kuwa projekta zilimulika kuta kutokea nyuma. Gharama nyingi imejificha huko nyuma. Sisi tunataka kidogo, kinachoenea kwenye kona.

Gawanya umbali wa projekta kwa upana wa picha, utapata uwiano wake. Projekta yenye uwiano wa 1.5 hutaka mita 3 ili kutoa picha ya mita 2, yenye 0.5 hutaka mita 1 tu. Unaweza kuukunja mwanga kwa kioo, ila kiwe kilichopakwa upande wa mbele. Kioo cha kujitazamia huakisi mara mbili, na picha hutoka na mzuka.

Wengine hukimbilia projekta za 0.25. Taratibu! Mwanga wake huufikia ukingo wa juu kwa mshazari mkali. Ukiufikia kwa nyuzi 30 kutoka uso wa skrini, kitambaa kikivimba milimita 5 tu, picha huhama karibu milimita 9. Na pikseli moja, picha ya mita 2 ikiwa na pikseli 1920, ni kama milimita 1. Hapo tumia ubao mgumu.

Kwenye kona yetu, nyuso mbili za kumulikia picha zinatosha: ukuta na sakafu. Projekta ya sakafu ining'inie juu, mbele ya mtazamaji, ili kivuli cha mtazamaji kianguke nyuma yake.

Miradi ya bei nafuu hufia kwenye miwani, ile inayolipa kila jicho picha yake ili vitu vionekane na kina. Kwa hertzi 120, kila jicho hupata picha 60 kwa sekunde, na miwani hufunga na kufungua kila milisekunde 8.3. Projekta mbili zisipokwenda sambamba, uso mmoja utaonekana vizuri, lakini ule mwingine utatoa picha maradufu. Miwani inayofuata mmweko wa projekta yenyewe ndiyo hutatizika zaidi, maana inapokea mimweko miwili inayopishana. Njia nyingine ni vichujio vya mwanga vya mzunguko, vinavyotenganisha picha za macho mawili kwa mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, projekta mbili kwa kila uso. Vile vya mstari huvuja mtazamaji akiinamisha kichwa upande. Skrini nayo iwe ya kuhifadhi mwelekeo huo wa mtetemo. Shuka la kawaida huuvuruga.

Mwisho, kufuatilia kichwa, ili picha ichorwe kulingana na mahali jicho lilipo. Kichwa kikisogea sentimita 50 kwa sekunde na mfumo ukachelewa milisekunde 100, picha imechorwa kwa jicho lililokuwa sentimita 5 nyuma. Pima hivi: chora fimbo pepe inayovuka pale ukuta unapokutana na sakafu, kisha tembea. Ikivunjika pale kwenye kona hata ukisimama, vipimo vya skrini au vya mahali pa jicho vimekosewa. Ikivunjika ukitembea tu, ni ucheleweshaji.