Yule Waliyemwacha Aende

KULWA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tupo Mwanza, na upepo wa ziwa mnausikia dirishani. Mimi ni Kulwa, na dada Nyamizi amefika na hoja yake mkononi.

NYAMIZI: Asante, mdogo wangu. Hoja ni hii: nimechoka kusikia kwamba Anna Kiesenhofer, yule mwendesha baiskeli wa Austria, aliokota dhahabu ya Tokyo.

KULWA: Dada, mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo. Tuwakumbushe kwanza. Julai 25, 2021, mbio za baiskeli za barabarani za wanawake kwenye Olimpiki. Kilomita 137 za milima na joto, wanamalizia kwenye uwanja wa mbio za magari wa Fuji. Uholanzi wana wanawake wanne: Van der Breggen, Vos, Vollering na Van Vleuten. Kila mtu anasema dhahabu ni yao.

NYAMIZI: Na Austria wana mmoja tu. Hana timu ya kulipwa, hana kocha. Ni daktari wa hisabati anayefanya utafiti chuo kikuu kule Lausanne, Uswisi, na mazoezi yake anajipangia mwenyewe. Bendera inashuka tu, huyo kachomoka.

KULWA: Hakuchomoka peke yake.

NYAMIZI: Hapo ndipo ninapopapenda! Walikuwa watano. Anna Plichta wa Poland, Omer Shapira wa Israel, halafu Waafrika wawili: Vera Looser wa Namibia na Carla Oberholzer wa Afrika Kusini. Hao wawili waliachwa milima ilipoanza, sawa, lakini walithubutu kutoka mbele ya Waholanzi tangu mwanzo, na sisi huku hatukuwashangilia inavyostahili.

KULWA: Lakini ona walivyoachiwa. Pengo lilifika zaidi ya dakika kumi! Wakubwa wangetaka, wangewarudisha.

NYAMIZI: Kwa nini hawakutaka?

KULWA: Waliwaona si tishio.

NYAMIZI: Basi hilo ni kosa lao. Siyo bahati ya Anna. Kulwa, wewe umeendesha baiskeli kwenda Magu, unajua. Ukikaa nyuma ya mwenzako anakukinga upepo, nguvu nyingi unaziokoa. Ukiwa mbele peke yako, upepo wote ni wako. Zikiwa zimebaki kama kilomita 41, Anna akawaacha Plichta na Shapira, akala upepo ule peke yake hadi mwisho. Nitajie bahati inayokanyaga pedali kilomita 41.

KULWA: Nakubali miguu ilikuwa yake. Ila redio, dada. Olimpiki hawaruhusu vile vipokea sauti vya masikioni, kocha hawezi kukwambia nani yuko mbele. Waholanzi walipowafikia Plichta na Shapira, karibu na mwisho kabisa, wakadhani wamemaliza kazi. Van Vleuten akachomoka, akavuka mstari mikono juu, anashangilia dhahabu. Kumbe Anna ameshafika dakika moja na sekunde 15 zilizopita! Wangekuwa na redio, ingekuwaje?

NYAMIZI: Anna naye hakuwa na redio. Giza lilikuwa la wote, na ukiwa gizani lazima uhesabu. Watano walitoka, wawili wakaachwa, wawili mmewafikia. Wa tano yuko wapi?

KULWA: (kimya kidogo) Hapo umenibana.

NYAMIZI: Hawakumhesabu kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya wanaoogopwa. Na jambo hili linajirudia. Septemba 2025, hapo Kigali, ng'ambo ya Rusumo tu, mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio za wanawake, vigogo wakabaki wanatazamana wao kwa wao, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akaondoka na ushindi.

KULWA: Ile niliifuatilia mwanzo mwisho. Kile kilima cha mawe mle mjini kiliwatesa sana.

NYAMIZI: Ndiyo maana nawafikiria wasichana wetu. Usukuma nzima baiskeli ni kama jembe. Mwanamke anatoka Kisesa na mzigo wa mboga kwenye keria, anapanda, anashuka, anawahi soko. Nguvu ipo.

KULWA: Nguvu ipo, lakini mashindano siyo mzigo wa mboga, dada. Kuna kujua kukaa kwenye kundi, kupita kona kwa kasi watu wamekubana kulia na kushoto. Hilo halifundishwi na barabara ya Kisesa. Na nafasi za Olimpiki zinagawiwa kwa pointi za nchi. Pointi zinapatikana kwenye mashindano, na mashindano yanataka nauli.

NYAMIZI: Nakubaliana nawe kabisa, na hapo ndipo pa kuanzia. Wafungiwe barabara asubuhi moja ya Jumapili, kilomita 40 tu, malori yasubiri. Wajifunze kukaa kwenye kundi kabla hatujawauliza habari za medali.

KULWA: Barabara ipi?

NYAMIZI: Usagara kwenda daraja la Kigongo–Busisi, kwenda na kurudi. Juu ya daraja pale kuna kama kilomita tatu za maji kushoto na kulia, na upepo wa pembeni. Atakayejifunza kujikinga pale atakuwa amejifunza kweli.

KULWA: Wasikilizaji wa Misungwi, Kwimba na Magu, kama kwenu kuna mwanamke anayeshindana kwa baiskeli, turekodieni sauti mtutumie. Tunataka kumsikia mwenyewe.